Bibi Arejea Stesheni ya Nanyuki



Juma lililopita, baada ya sala ya alfajiri, tulitoka hapa Gakoromone tukapita Timau hadi Nanyuki. Meru haikupata kufikiwa na reli. Stesheni iliyo karibu nasi ni hiyo. Tulikuwa na watoto pamoja na bibi yetu, mzaliwa wa Mombasa.

Reli ya Nanyuki ni tawi la ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Tawi hili lilifika Thika mwaka 1913, na Nanyuki karibu na mwaka 1930. Huduma ya abiria ilisimama kwa miaka mingi, ikarejea Desemba 2020.

Watoto walitaka habari za injini ya mvuke. Bibi alikaa kimya, akiutazama ukingo wa reli. Kisha akasema kwamba alishuka pale mwaka 1958, biharusi wa miaka 17, akasubiri lori la kumpeleka Meru. Mama yake alikuwa amemsindikiza hadi stesheni ya Mombasa, akampa mahamri yaliyofungwa katika kanga. Hakulia mpaka garimoshi lilipovuka Makupa. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Barua ilifika Meru baada ya maziko.

Tumeishi naye miaka yote hii. Tulimwona akikataa kila mwaliko wa kupanda treni, nasi tukadhani ni uzee. Hatukuwahi kumwuliza.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa mjini, na Bibi akamwombea mama yake kwa muda mrefu. Njiani kurudi, mjukuu wake mdogo alimwuliza kanga ile ilikuwa ya rangi gani. Akamjibu, akatabasamu.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaiwezesha serikali kutangaza majengo ya kale kuwa turathi na kuyalinda. Hilo ni jambo jema, lakini sheria hulinda kuta. Yaliyowapata mama zetu ndani ya kuta hizo hayana mlinzi ila sisi. Basi, wapenzi, kabla ya Ijumaa ijayo, kaeni na mzee mmoja wa nyumbani, mwulizeni alikuja vipi na nani alimsindikiza. Kumsikiliza nako ni kuunga udugu.

Wabillahi tawfiq.