Tabia ya Mgonjwa Si Pambo

Katika mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, mchezaji huanza kwa kumuumba mhusika wake. Sifa sita hazina budi kuandikwa kwa tarakimu: nguvu, akili, busara, uimara wa mwili, wepesi na mvuto. Kwa kanuni za awali kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo alama zilianzia 3 hadi 18. Haya, ubishi au woga wa mhusika uliachwa kwa hiari ya mchezaji. Toleo la mwaka 2014 lilitenga nafasi ya tabia na kasoro, lakini asiyeijaza bado hucheza bila shida.

Mchezoni hilo halina madhara. Katika mafunzo ya afya, ambako wagonjwa nao huumbwa kwa karatasi, lina madhara makubwa.

Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mfumo wa fahamu mjini Los Angeles, alimfundisha mwanamke mzima wa afya kuigiza mgonjwa aliyepooza miguu, ili wanafunzi wapimwe kwake. Mbinu hiyo imeenea duniani. Hata hivyo, karatasi ya mwigizaji mara nyingi hutaja umri, dalili na muda wa ugonjwa kwa ukamilifu, kisha tabia ikapewa neno moja, au isitajwe kabisa. Mwigizaji hujaza pengo hilo kwa upole, na mwanafunzi hufaulu mbele ya mgonjwa asiyepatikana wodini.

Mfikirie dereva wa daladala mwenye shinikizo la juu la damu, aliyeandikiwa dawa ya kuongeza mkojo. Hawezi kusimamisha gari kila mara, kwa hiyo siku za kazi haimezi. Ni mtu wa haya. Anapoulizwa na tabibu aliye rika la binti yake kama anatumia dawa, hujibu ndiyo. Shinikizo halishuki, dozi inaongezwa, na siku ya mapumziko anapoimeza yote anapata kizunguzungu. Vipimo vyake vyote vimeandikwa sawasawa. Haya yake, iliyoharibu matibabu, haimo popote. Wala hakuna aliyeuliza kazi yake inaanza saa ngapi.

Wapo wanaosema kuwa tabia ikiingizwa katika mtihani, haki itapotea, kwa kuwa kila mwigizaji ataicheza kivyake. Hoja hiyo inajipinga yenyewe: tabia isiyoandikwa ndiyo inayochezwa kivyake. Iliyoandikwa hufanyiwa mazoezi kama kikohozi kinavyofanyiwa.

Hatari iliyo ya kweli ni nyingine. Neno “mkaidi” likiingia katika faili, humtangulia mgonjwa kila mlango. Hapa mchezo umewazidi waganga busara, maana kasoro za mhusika huandikwa na yule yule anayemcheza. Vivyo hivyo, anayestahili kusema “huona haya kuuliza” au “huogopa sindano” ni mgonjwa mwenyewe, naye hana sababu ya kungoja aulizwe. Mhudumu aandike maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kando ya uzito na shinikizo la damu, kabla kalamu haijafika kwenye dozi.