Acheni Kumuonea Faramir, Osgiliath Ilipotelea Mezani kwa Baba Yake

Mashabiki wa The Lord of the Rings wakianza kubishana nani mwamba, anayepigwa madongo ni Faramir. Oh, mlaini sana. Oh, Boromir angekuwepo, Osgiliath isingeanguka. Wadau, hebu tuwekane sawa.

Osgiliath zamani ilikuwa mji mkuu wa Gondor, umekaa pande zote mbili za mto Anduin. Ng'ambo ya mashariki ni kwa adui, magharibi ni barabara ya kwenda Minas Tirith. Anayeshika pale kashika mlango. Ndio maana watu walikufa wengi kwa ajili ya magofu.

Sasa kitu ambacho Timu Boromir hawakisemi: kwenye kitabu, hao ndugu wawili walilinda daraja la mwisho PAMOJA. Daraja likabomolewa, na waliookoka ni wanne tu, tena kwa kuogelea: Boromir, Faramir na wenzao wawili. Yaani hata huyo mwamba wenu, upande wa mashariki ulimshinda.

Miezi tisa baadaye Boromir kashakufa. Faramir anarudi nyumbani amechoka, baba mtu, Denethor, anamrudisha mtoni. Adui alikuwa ameshaunda vyombo vya kuvukia kwa siri, vingi mno, na anayeongoza ni mkuu wa Nazgûl mwenyewe. Hapo utazuia nini? Faramir alijua, na akaenda. Wenzake walipokuwa wanarudi nyuma, yeye alibaki na wale wa mwisho, akaletwa nyumbani na jeraha la mshale.

Filamu ya mwaka 2003 ndiyo ikaongeza chumvi kabisa. Mji umeshatekwa, halafu kijana anaambiwa akaukomboe na wapanda farasi, mchana kweupe, mbele ya wapiga mishale. Huku baba yuko mezani anatafuna nyanya, anaimbiwa na Pippin. Ile sio vita, ile ni adhabu.

Tuwe wakweli pia, Denethor wa kitabuni ana hoja. Mto kama ule huuachi bure, adui lazima aulipie. Sawa. Lakini mzee hakutuma kwa hesabu tu, alituma na hasira. Alishamwambia mwanaye usoni kwamba kweli anatamani yeye na Boromir wangebadilishana nafasi. Mtu akishaambiwa hivyo na mzazi wake, utamwambia akatae?

Kwa hiyo anayesema Faramir alipoteza kivuko, ajiulize kwanza nani alikuwa mtoni na nani alikuwa mezani. Boromir alipigana akijua nyumbani anapendwa. Mdogo wake alipigana hajui kama kuna anayemsubiri, na bado hakukimbia.

Haya, Timu Boromir, uwanja wenu huo hapo chini. Ila mje na hoja, matusi hapana.