Faili lisilojulikana tulipokee vipi?



Ndugu Waislamu, msimu wa korosho unapofika hapa Mkunya, kama ilivyo kote Newala na Masasi, malipo ya mkulima huingia benki baada ya mnada, na wengi wetu huyafikia kwa simu. Simu hiyohiyo ndiyo mtoto anayoichezea, na ndiyo inayopokea programu zitumwazo na jamaa na marafiki: msahafu wa sauti, nyakati za swala, michezo. Aghalabu mtumaji huwa na nia njema. Lakini nia yake haithibitishi kilichomo ndani ya faili.

Jina la faili na ukubwa wake havitoshi kuwa ushahidi. Wenye kupokea korosho ghalani wanajua kwamba gunia laweza kutimiza kilo zake ilhali ndani mna kokoto. Kadhalika, mhalifu aweza kuichukua programu maarufu, akaitia maagizo ya kuiba namba za siri, kisha akaiachia jina lake na picha yake ileile.

Wataalamu wa kompyuta wanayo njia ya kulitambua faili kabla programu iliyomo haijawekwa katika simu. Hulipitisha lote katika kanuni ya hesabu, nayo hutoa alama iitwayo heshi. Kanuni itumikayo sana leo, SHA-256, hutoa alama ya herufi na tarakimu 64, liwe faili la ukurasa mmoja au la mawaidha ya saa nzima. Nakala mbili zilizo sawa hutoa heshi moja. Ikibadilishwa herufi moja tu katika mojawapo, heshi yake huwa nyingine kabisa.

Hatari hii si ya kufikirika. Februari 2016 wahalifu waliingia katika tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, wakawaelekeza wapakuaji kwenye nakala iliyotiwa mlango wa siri. Wenye mradi wakatangaza heshi za nakala halali, ili kila aliyepakua alinganishe na yake.

Waliosoma elimu ya hadithi hawataliona jambo hili kuwa geni. Msimulizi anayejulikana kwa uadilifu hupokelewa, na anayejulikana kwa uongo hukataliwa. Ama asiyejulikana, yaani majhuli, haitwi mwongo, lakini riwaya yake haitegemewi mpaka hali yake ibainike. Ndivyo yalivyo mafaili. Tovuti ya VirusTotal huweza kuulizwa kwa heshi peke yake, ikaeleza kama faili hilo limewahi kukaguliwa na programu za kusaka virusi zilisema nini. Lisipopatikana humo, tusiseme kwamba ni safi; hilo ni majhuli.

Hata hivyo, tusiipe heshi daraja isiyo yake. Heshi huthibitisha kwamba nakala ni ileile. Haithibitishi kwamba mtengenezaji ni mwaminifu. Wala hakuna faida kulinganisha na heshi iliyoletwa na yuleyule aliyeleta faili. Alama sharti itoke kwa mwenye programu, kama VideoLAN wanavyoitangaza SHA-256 ya programu yao ya VLC katika tovuti yao.

Basi katika nyumba zetu, programu zichukuliwe katika duka rasmi la simu. Iliyotumwa kwa ujumbe isiwekwe, hata kama mtumaji ni katibu wa msikiti, mpaka kijana mwenye kompyuta ailinganishe heshi yake. Katika Windows, amri ya certutil huitoa kwa muda mfupi. Na simu inayobeba fedha za familia isifanywe uwanja wa majaribio ya watoto.

Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatufunza kuihakiki habari kabla ya kuichukulia hatua. Faili nalo ni habari iliyoletwa mlangoni, na mlango huo una jasho la mwaka mzima nyuma yake.