Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame



Majuzi mzee mmoja wa Mbozi alinijia na shida yake. Mwanawe, kijana wa miaka 17, ni hodari wa mpira wa miguu. Siku moja kijana huyo alikutana na mtu pale Tunduma aliyejiita wakala. Wakala akamwambia, "Nitakuvusha Nakonde, na kutoka huko nitakupeleka Ulaya ukacheze mpira wa mshahara. Lete fedha ya safari tu, tena upesi." Mzee alikuwa amekwisha patana bei ya ng'ombe wake wawili. Akaniuliza, "Ndugu yangu, niuze au nisiuze?"

Sikumjibu mara moja. Nilimsimulia kwanza habari za kijana mmoja wa Uganda, jina lake Dennis Kasumba. Leo nawasimulia na ninyi, kwa kuwa mzee huyu si peke yake mwenye swali hili.

Kasumba hachezi mpira wa miguu. Anacheza besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani na Japani. Mtu mmoja, mrushaji, hurusha mpira mdogo mgumu. Wa pili, mpigaji, hujaribu kuupiga kwa kigongo cha mti. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa wa tatu, naye ndiye mdakaji. Hiyo ndiyo kazi ya Kasumba.

Msidhani ni kazi ndogo! Mrushaji husimama umbali wa mita 18 hivi, na katika timu za mshahara mpira huweza kwenda kasi ya kilometa 145 kwa saa na zaidi. Wafika kabla hujamaliza kupepesa macho mara mbili. Kwa hiyo mdakaji huvaa kinyago cha vyuma usoni, ngao kifuani, na vikinga vya miguu kuanzia magotini. Katika mchezo mmoja huchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100. Magoti ya wadakaji wengi huchakaa mapema. Tena yeye ndiye anayempa mrushaji ishara ya mpira wa kurusha. Wenzake wote uwanjani wanamwelekea yeye, naye peke yake anawaona wote kwa mbele. Watazamaji humshangilia mpigaji, lakini wenye kuujua mchezo humtazama yule aliyechuchumaa.

Basi, Kasumba alifikaje huko? Baba yake alifariki yeye angali mtoto mchanga, akalelewa na bibi yake katika umaskini karibu na Kampala. Alipokuwa mdogo alifanya kazi machinjioni ili apate chakula. Alipokuwa na miaka kama 14 hivi, mwalimu wa besiboli aitwaye Paul Wafula alimwingiza katika mchezo huu. Vifaa hakuwa navyo. Alijifungia matairi ya gari mwilini, akachuchumaa na kuinuka, siku baada ya siku. Picha za mazoezi yake zilienea duniani kwa njia ya simu, na watu wa mbali wakaanza kuuliza kijana huyu ni nani.

Mwaka 2023 aliitwa Marekani, kwenye timu ya Frederick Keys katika jimbo la Maryland. Wakati huo timu hiyo ilikuwa katika ligi ambayo wakaguzi wa timu kubwa huja kuwatazama vijana. Je, alitajirika? La. Alicheza mara chache tu, akiwa kati ya vijana waliofundishwa mchezo huu tangu utotoni, na mwaka ule hakupata mkataba wa timu yoyote ya ligi kuu. Lakini alifika, akavaa ngao, akadaka mipira ya warushaji wa huko. Waganda wengine walikwenda mbele zaidi: mwaka 2022 warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi mikataba na timu ya Los Angeles Dodgers.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nilitaka mzee alisikie hasa. Mwaka 2011 watoto wa timu moja ya Kampala walishinda mashindano ya kanda yao, wakapata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Hawakwenda. Walinyimwa viza, kwa sababu karatasi za umri wao hazikupatana. Hebu fikirini: mtoto ameshinda uwanjani, akashindwa na tarehe ya kuzaliwa! Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, huko huko Uganda, walishinda tena, na safari hii viza zilipatikana. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano yale.

Nasi je? Katika vijiji vyetu mtoto ana tarehe moja katika cheti cha ubatizo, nyingine katika daftari la shule, na ya tatu kichwani mwa bibi yake. Twaona ni jambo dogo, mpaka siku ya kuomba pasi. Wazazi, andikisheni watoto wenu. Walio chini ya miaka mitano huandikishwa na kupewa cheti katika vituo vya afya na ofisi za kata. Wakubwa zaidi, ulizeni wilayani namna ya kupata cheti cha RITA. Na tarehe iwe moja kila mahali.

Kisha nilimwambia mzee, "Angalia. Kasumba hakuanza kwa wakala, alianza kwa mwalimu. Aliitwa na timu yenye jina na uwanja unaojulikana. Huyo wako wa Tunduma, mwulize mambo matatu: timu gani imemwita mwanao, barua yake iko wapi, na kwa nini haraka? Mpakani pale twawajua watu wa kuvusha. Malori yenyewe hungoja siku nyingi kwa ajili ya karatasi, itakuwaje mtoto wa mtu avushwe bila karatasi?"

Mzee akaondoka kimya. Baadaye nilisikia kwamba alimtaka wakala alete barua ya timu. Wakala akasema barua iko njiani. Mpaka leo iko njiani, na wakala mwenyewe haonekani. Ng'ombe wawili wamo zizini. Kijana anakwenda shule asubuhi, na jioni yuko uwanjani na mwalimu wake.

Wazee wetu walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mdakaji huinama zaidi ya mara 100 kwa mchezo mmoja. Anayekuambia kwamba mwanao atafika bila kuinama, huyo anamtazama ng'ombe wako.