Beni: kupima malaria nyumba kwa nyumba mara moja hakutoshi

BENI, Kivu Kaskazini – Kila malaria inapozidi, kuna wanaosema njia ni moja tu: wauguzi wapite nyumba kwa nyumba, wapime kila mtu, wampe dawa anayekutwa na vijidudu, na ugonjwa utaisha. Maneno hayo ni matamu, lakini ni nusu ya ukweli.

Ni kweli kwamba watu wengi wanabeba vijidudu bila homa, na mbu anavichukua kwao. Ila kipimo cha haraka cha kidoleni hakioni vijidudu vikiwa vichache. Mkaaji anaambiwa «huna malaria», anarudi nyumbani, na mbu anaendelea na kazi yake. Huko Burkina Faso jambo hilo lilijaribiwa mwaka wa 2011 katika vijiji 18. Ugonjwa haukupungua. Mwaka wa 2022 shirika la afya duniani OMS lilishauri njia hiyo isitumiwe kwa kuzuia maambukizi.

Wengine watataja Novemba 2018, wakati wa Ebola. Lakini hapa Beni, wakati ule, dawa ilitolewa bila kupima, pamoja na vyandarua, ili homa za malaria zipungue na vituo vipumue. Ilikuwa kazi ya dharura, na faida ya kampeni kama hiyo ni ya muda mfupi. Mbu wakibaki, malaria inarudi.

Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Nchi kama hiyo haiponi kwa kampeni ya siku nne na picha za viongozi. Mtoto anapata homa usiku, hata wiki ambayo hakuna kampeni. Anayeweza kumwokoa ni reko wa mtaa wake, akiwa na vipimo na dawa ndani ya sanduku. Sanduku likiwa tupu, reko ni jirani tu mwenye shauri jema, na mama analazimika kutembea mbali, hata pale ambapo njia haina usalama.

Basi wenye mamlaka na wafadhili wasiulizwe tena ni watu wangapi walipimwa siku ya kampeni. Waulizwe: leo, reko wa kila kijiji ana vipimo vingapi? Ana dawa? Na kazi yake, nani anailipa?