Kambi Nayo Ina Historia, Tusisubiri Mpaka Ibomolewe

Leo tunataka kuongea jambo ambalo huwa halipo kwenye mgao wala kwenye mkutano wa kila wiki: majengo na maeneo ya kumbukumbu. Tunajua mtu atauliza, historia gani tena hapa kwenye maturubai? Swali hilo ndilo limetufanya tuandike.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kambi ni sehemu ya historia, ya wale walioishi ndani yake na ya nchi iliyowapokea. Kitu cha kambi kikibomolewa bila hata kuandikwa, basi kimekwenda. Hatuombi jumba la makumbusho. Tunaomba mambo matatu madogo ambayo tutayataja mwishoni, na mengi kati ya hayo tunaweza kuyafanya sisi wenyewe.

Tuanze hapa hapa Jebel. Jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mlima. Mlima ni Jebel Kujur, ule unaoonekana kutoka karibu kila upande wa Juba. Kujur kwa Kiarabu cha Juba ni mganga, mtu anayeaminika kuongea na mizimu. Kwa hiyo mtaa, soko, stendi na hata kambi vyote vimebeba jina la mlima uliokuwa na maana kwa Wabari, wenyeji wa hapa, kabla Juba haijawa mji. Leo ukipita upande wa machimbo utakuta kina mama wamekaa juani wanapasua mawe kwa nyundo, wengine na watoto mgongoni. Kokoto ile ndiyo inayojenga Juba. Hatuwalaumu hata kidogo, wana watoto wa kulisha na ada za kulipa. Ila tukubali kwamba alama kubwa kuliko zote za mji huu inapungua, lori baada ya lori, na sisi tunaoishi chini yake hatujawahi kukaa na mzee wa Kibari tukamuuliza mlima huu ni nani kwao.

Ukivuka Nile kuna Gondokoro. Kwenye karne ya 19 jina hilo lilijulikana mpaka Ulaya. Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo pale miaka ya 1850, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa wakapafanya kituo chao, na Februari 1863 Speke na Grant walifika hapo wakitokea upande wa Uganda, wakakutana na Samuel Baker na Florence. Leo ukienda utakuta mashamba na watu na maisha yao. Ule mji wa zamani haupo.

Kusini kidogo ya Juba kuna Rejaf. Wale kati yetu tuliotoka Kongo tusikilize vizuri hapa. Tarehe 17 Februari 1897 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na ofisa anaitwa Chaltin, lilipigana pale na wafuasi wa Mahdi na kushinda. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, waliotembezwa kwa miguu kutoka Kongo. Eneo hili likaitwa Lado, likabaki mikononi mwa Leopold mpaka alipokufa mwaka 1909, na mwaka uliofuata likarudishwa Sudan. Sasa Mkongomani anafika Juba leo na begi moja, anadhani yeye ndiye wa kwanza kuja huku. Waliomtangulia walikuja zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wengine walizikwa huku huku. Makaburi yao nani anayajua?

Na tusidhani ni sisi wa kambini tu tunaohangaika na kumbukumbu. Karatasi za serikali za Sudan Kusini, nyingine za tangu mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, zilikaa kwa muda ndani ya hema hapa Juba baada ya amani ya 2005. Ndiyo, hema. Mvua, mchwa na joto, kama sisi. Watu wakajitolea, wakazisafisha, wakazipanga, wakaanza kuzipiga picha moja moja. Kati ya vitu vinavyohitaji kumbukumbu za aina hiyo ni mkutano wa Juba wa Juni 1947, ambapo wawakilishi wa kaskazini na kusini walijadili kama Sudan iwe nchi moja. Mengi yaliyofuata yanarudi kwenye siku zile mbili. Karatasi zikioza, kila mtu atasimulia anavyotaka.

Sasa turudi kambini. Desemba 2013 vita vilipoanza Juba, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uzio wa UN, hapa Jebel na upande wa uwanja wa ndege. Hakuna aliyekuja akijua atakaa miaka. Julai 2016 risasi zikarudi tena, na Jebel iliumia sana. Watu walizaliwa humu, wakasoma, wakaoana, wakazikwa. Hiyo ndiyo historia tunayoisemea.

Tutoe mfano mmoja. Kwenye kambi ambako baadhi yetu tunajitolea kulikuwa na rakuba ambayo watoto walianzia kusoma kabla madarasa hayajajengwa. Nguzo za miti, turubai juu, na kwenye nguzo ya mbele walimu wa kwanza walikuwa wamechonga majina yao kwa kisu. Nafasi ikahitajika kwa ajili ya vyoo, rakuba ikashuka kwa asubuhi moja. Vyoo vilihitajika kweli, hakuna anayebisha. Ila ile nguzo ikawa kuni. Hakuna aliyepiga picha. Walimu watatu kati ya wale wameshaondoka Juba, mmoja amefariki, na watoto wanaosoma sasa hawajui shule yao ilianzishwa na nani. Kuokoa ile nguzo kungetaka watu wawili wa kuibeba na dakika kumi tu.

Kuna neno linalotukwamisha: "muda". Makazi ya muda, shule ya muda, suluhisho la muda. Kitu cha muda nani atakitunza? Lakini tuangalie kalenda. Kakuma ilifunguliwa 1992. Dadaab ilianza 1991. Nakivale kule Uganda ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokimbia Rwanda. Marekani wana orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyotokana na sheria ya 1966, na sasa ina maeneo zaidi ya 90,000. Mengi yako kwenye kaunti za vijijini huko: mahakama ya zamani, kanisa la mbao, shule ya chumba kimoja, daraja, hata ghala la mkulima. Kwa kawaida wanataka jengo liwe limefikisha miaka 50. Kwa kipimo hicho Nakivale imeshapita, na Kakuma imevuka nusu ya safari. Sisi pia hapa tuna kaunti, Juba ni kaunti. Mbona tuone kwamba vitu vya zamani ni vya kaunti za wengine?

Na kambi ya wakimbizi kutunzwa si jambo geni, tena Afrika Mashariki. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti walipitia Iran na kuanzia 1942 wakaletwa kwa maelfu kwenye makambi ya Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingine. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Pale Nyabyeya, karibu na Masindi na msitu wa Budongo, walijenga kanisa la matofali kwa mikono yao. Bado limesimama, na wenyeji wanasali humo mpaka leo. Tengeru, karibu na Arusha, walikaa kama 5,000. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1950 wengi walikuwa wameshaondoka, lakini makaburi yao yapo, zaidi ya mia moja, yana uzio na majina, na kuna mtu wa kuyafagia. Mjukuu akitoka Poland au Kanada akauliza bibi yangu alilala wapi, anaonyeshwa.

Fikirini hilo. Wazungu wale nao waliishi kwa mgao, nao waliambiwa ni kwa muda. Sisi tukiondoka Jebel, mjukuu wetu ataonyeshwa nini?

Mfano mwingine ni wa Marekani yenyewe. Kaunti ya Inyo, California, ni kaunti ya vijijini, jangwa na milima. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilijenga huko kambi inaitwa Manzanar, ikawafungia Wamarekani wenye asili ya Japani, wakati mmoja watu zaidi ya 10,000. Kosa lao lilikuwa asili yao tu. Kambi ilifungwa Novemba 1945, mabanda yakauzwa na kubomolewa. Vilibaki vitu vichache: ukumbi, vibanda viwili vya mawe vya walinzi getini, na mnara mweupe wa makaburini ambao wafungwa wenyewe waliujenga mwaka 1943. Serikali haikuwa na haraka ya kukumbuka. Walioanza ni vijana, watoto wa kizazi kilichofuata, waliofunga safari Desemba 1969 kwenda kule kwenye baridi kusafisha makaburi na kuwauliza wazee wao yaliyotokea. Wakarudi kila mwaka. Mwaka 1988 sheria ilipitishwa ya kuomba radhi na kulipa fidia, na 1992 Manzanar ikawa eneo la kumbukumbu la taifa. Hatusemi makaburi ndiyo yaliyoleta fidia, kulikuwa na kazi nyingi nyingine. Lakini bila ule mnara na vile vibanda, vijana wale wangesimama wapi?

Tunajua hoja za upande mwingine, na si za kupuuza.

Ya kwanza ni njaa. Mgao unapunguzwa, ninyi mnaongea nguzo. Jibu letu ni kwamba hatuombi hata kikombe kimoja cha mtama kitoke kwenye mgao. Tunayoomba yanataka kalamu, rangi, simu na muda wa vijana, na muda, jamani, tunao.

Ya pili ni nzito zaidi: kumbukumbu zinaweza kuwasha moto. Kwenye kambi moja kuna watu wa pande tofauti, na kuna majina ambayo yakiandikwa hadharani yanamletea mtu shida. Kweli kabisa. Ndiyo maana hatusemi tuandike nani alimuua nani. Tuandike nani aliishi, alifundisha nini, alizaliwa na kuzikwa lini. Na jina lolote liandikwe kwa ruhusa ya mhusika au familia yake. Mtu akikataa, amekataa.

Ya tatu ni kwamba sisi ni wageni, ardhi si yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu ilishapita zamani. Mgeni anayeuliza historia ya mwenyeji, akamsaidia kuitunza, huyo kashika jembe. Na mwenyeji akijua tunauheshimu mlima wake, ni rahisi zaidi kuheshimu makaburi yetu.

Basi mambo yetu matatu ni haya.

Moja, makaburi. Kila kambi ihesabu makaburi yake na kuchora ramani kabla ya mvua, maana vibao vya mbao na mabati vinaoza na udongo unashuka. Herufi za jina zipakwe rangi upya. Daftari moja likae kwa kamati, nakala moja ofisini.

Mbili, kabla ya kubomoa. Kaka na dada wa mashirika, kwenye fomu zenu za ujenzi na za kufunga kambi ongezeni mstari mmoja tu: jengo hili lina kumbukumbu gani kwa wakazi? Mtuulize wiki moja kabla. Mara nyingi tutawaambia bomoeni. Mara moja moja tutaomba nguzo, mlango au ubao, na tutaubeba wenyewe.

Tatu, wazee. Kila kikundi cha vijana kichague wazee watano, wa kambini na wa Kibari, warekodiwe kwa simu, kwa lugha yao, kwa idhini yao. Mzee mmoja atueleze Jebel Kujur. Mama mmoja atueleze siku ya kwanza kambini: alilala wapi, alipewa nini, nani alimkaribisha.

Sisi tunaanza na makaburi. Tunahitaji kopo la rangi nyeusi, brashi nne na watu ishirini wenye majembe ya kukata nyasi. Ukiwa na mtu wako pale, njoo na jina lake limeandikwa vizuri kwenye karatasi, pamoja na mwaka, ili tusikosee herufi.