Mkanda wa mbwa: rahisi isiwe ghali

Wapo wafugaji wa kuku wanaompeleka mbwa wa ulinzi kwenye chanjo ya kichaa akiwa amefungwa kamba shingoni, nyuma ya pikapu. Akiruka, anajinyonga, na banda linabaki bila mlinzi.

Mkanda wa kifuani si lazima uwe wa bei kubwa, ila mingi ya bei rahisi ni ya kutembezea tu. Mnunuzi atazame utepe mpana, mshono uliorudiwa, pete na bizimu za chuma. Gari lililo kwenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mbwa wa kilo 20 huvuta kama mzigo wa kilo 400 hivi. Plastiki gani itahimili?

Asiyemudu agonge kreti ya mbao, aikaze barabara kwenye bodi.